Shemeji Anasema Lipu Itaficha

Shikamoo Mzee Timazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili. Tumepanga Tabata, tunajenga Chanika. Mume wangu ni dereva wa malori ya Tunduma, nyumbani anapatikana siku nne au tano kwa mwezi, kwa hiyo nyumba hii tunaijenga mimi na simu yangu.

Msingi ulijengwa mwaka 2022 na fundi mmoja wa hukohuko. Hela ikakata, majani yakaota mpaka kiunoni. Mwaka huu nikapata mkopo wa saccos, tukasema tunyanyue boma. Mume wangu akasema, fundi wa kutafuta wa nini wakati mdogo wangu yupo? Kweli shemeji ni fundi, amejenga nyumba nyingi tu Gongo la Mboto. Tukakubaliana kwa mdomo: shilingi 500 kwa kila tofali atakalojenga, vifaa juu yetu. Tofali ni za inchi 6, nimenunua shilingi 1,500 moja.

Alikuja na wenzake wawili. Walifanya kazi kwa kasi ambayo sijawahi kuiona. Siku moja nimeondoka asubuhi kwenda kazini, upande wa sebule ni msingi mtupu. Narudi jioni, ukuta umefika usawa wa renta, ule mkanda wa zege wa juu ya milango na madirisha! Nilifurahi nikapiga picha nikamtumia mume wangu, na usiku huohuo nikamrushia shemeji 100,000.

Wiki tatu baadaye alitaka kumwaga renta Jumamosi. Ijumaa nikaenda na mwalimu mwenzangu ambaye naye anajenga. Akasimama pembeni ya ukuta wa sebule, akafumba jicho moja, akaniambia: “Dada, huu ukuta una tumbo.” Nikatafuta fundi mwingine aje apime. Akaja na pima maji yake, akasema ukuta wa sebule umelala kwa nje sentimita 4, wa chumba cha watoto sentimita 2, na korido upande mmoja ina futi 4, upande wa pili futi 3 na inchi 9. Akasema hapa hamna nyumba, bomoa yote mpaka msingi, yeye atanijengea upya kwa 3,500,000, ufundi na vifaa.

Nikasimamisha renta. Shemeji akakasirika. Anasema ukuta hauna tatizo, lipu itaficha, na kama mimi ni fundi nijenge mwenyewe. Tofali zimehesabiwa 1,200, sawa na 600,000. Nimeshampa 350,000, anadai 250,000, na mimi nimesema sitoi hata shilingi. Ameshampigia mama mkwe. Mama mkwe amenipigia mimi. Mume wangu yuko njiani anasema “hayo yaache, ni damu yetu.” Mzee, damu yenu sawa, lakini ukuta ukiniangukia mimi na watoto?

Nibomoe yote? Nimlipe au nisimlipe? Na alishasema kupaua atapaua yeye, nimkubalie?

Mama Wawili, Chanika

*

Marahaba, mwalimu.

Umefanya jambo moja kubwa kabla hujaniandikia: umesimamisha renta. Ukuta ambao haujavikwa renta bado unazungumzika. Ukishamwaga zege na nondo juu yake, kila kosa lililo chini linageuka kuwa la kudumu, na kulirekebisha kunataka mirunda ya kushikilia, mtaalamu wa kusimamia, na hela ambayo hata saccos yenu itaguna. Kwa hiyo mwambie shemeji, kwa upole, renta ngoja.

Pili, usibomoe yote. Tangu nimeanza kushika mwiko sijawahi kumsikia fundi mpya akimsifu fundi aliyetangulia, na huyu amekuja na bei mkononi. Simwiti mwongo. Nasema tu kwamba anayepima asiwe ndiye atakayelipwa kwa jibu la kipimo. Na pima maji nayo hudanganya, hasa ile iliyowahi kuanguka toka juu ya jukwaa. Kuijaribu ni rahisi: iegemeze ukutani wima, tazama povu lilipo, kisha igeuze, upande uliokuwa umegusa ukuta uangalie nje, uiegemeze palepale. Povu likikaa pengine, kifaa ni kibovu.

Wewe pima kwa timazi. Nati nzito na uzi wa kushonea vinatosha. Pigilia msumari juu ya ukuta, utokeze sentimita 10 kamili, funga uzi, acha nati ining'inie karibu na chini. Upepo wa Chanika ukikusumbua, nati iingie ndani ya ndoo ya maji isiguse ukingo, itatulia yenyewe. Kisha pima toka kwenye uzi hadi ukutani, kozi baada ya kozi, yaani kila mstari wa tofali, ukiandika. Ukiwa umesimama nje, juu ni 10 na chini ukapata 14, ukuta kweli umekujia sentimita 4. Lakini mimi nataka zaidi ya hiyo namba ya mwisho. Nataka kujua kozi ipi ndiyo iliyoanza kuondoka kwenye mstari. Nitakwambia kwa nini.

Simulizi yako ya ukuta uliota kwa siku moja ndiyo iliyonieleza kilichotokea, hata kabla ya hayo mapimo. Ukuta wa tofali za simenti haupandishwi kozi tisa kwa siku. Mita 1.2, ukizidisha sana 1.5, yaani kozi tano au sita, kisha unauacha ulale. Mota, ule mchanganyiko wa simenti na mchanga unaoshika tofali, ya asubuhi jioni bado ni changa. Ukiendelea kuibebesha, tofali za chini zinakaa vibaya, moja inasukumwa kidogo, ya juu yake inafuata, na kamba ya fundi imeshahamishwa juu, hakuna anayeangalia nyuma. Ndipo ukuta unapoota tumbo. Nina hakika ukipima utakuta kozi nne au tano za kwanza zimesimama vizuri, na uharibifu umeanzia usawa wa chini ya dirisha kwenda juu.

Kama ni hivyo, hubomoi sebule. Unashusha kozi nne au tano za juu za ukuta mmoja. Tuseme ukuta wako una mita 4.5 na dirisha la mita 1.5 katikati: kila kozi ina tofali sita au saba tu, maana dirisha limekula nyingine. Jumla hazifiki 40. Mota ina wiki tatu, kwa tindo na subira nusu yake zitatoka nzima. Ununue tofali 20, shilingi 30,000. Mifuko miwili ya simenti, tuseme 32,000 kwa bei ya huko. Siku mbili za fundi na msaidizi wake. Linganisha na 3,500,000.

Kwa nini nasema ule wa sentimita 4 ushushwe, na wa chumba cha watoto wenye 2 uachwe? Si ubaguzi. Ukuta wa inchi 6 una unene wa sentimita 15. Mzigo unaoukalia ukitoka katikati kwa zaidi ya sehemu moja ya sita ya unene huo, yaani sentimita 2.5, upande mmoja wa ukuta unaacha kubanwa na unaanza kuvutwa. Tofali la mchanga na simenti linavumilia sana kubanwa, kuvutwa haliwezi. Leo hauanguki. Ila utaubebesha renta, kozi za juu, mbao na bati, na huo ndio upande unaopigwa na upepo wa barabarani. Huo ushuke. Wa watoto, ukithibitisha kwa timazi kwamba ni 2 kweli, uko ndani ya mpaka. Haukupendeza, lakini umesimama.

Sasa hilo neno la shemeji, “lipu itaficha”. Mafundi wote tumewahi kulisema, na mimi nimo. Kwenye ukuta wa watoto ni kweli, itaficha, na gharama yake ni ndogo kuliko unavyodhani. Mfuko mmoja wa kilo 50, kwa mchanganyo wa simenti 1 kwa mchanga 5, unatandaza kama mita za mraba 17 kwa unene wa sentimita 1. Ukuta wenye mita 3.6 kwa 2.1 una karibu mita 15 za mraba ukijumlisha pande mbili. Umelala sentimita 2, kwa hiyo kuunyoosha kunataka wastani wa sentimita 1 ya ziada kila upande, nene chini huku, nene juu kule. Ni mfuko mmoja, haufiki hata miwili. Mmenuniana na mama mkwe kwa sababu ya mfuko mmoja wa simenti, kwa ukuta huo.

Kwenye sebule ni uongo. Lipu ya ndani ya kawaida ni nusu inchi hivi. Ukiipiga sentimita 4 kwa mkupuo mmoja itajivuta kwa uzito wake, itaachana na tofali, na baada ya miezi utagonga isikike kama debe tupu. Hata pale inapobidi unene uzidi sentimita 2, inapigwa kwa mikono miwili: wa kwanza unalowesha ukuta, unatandaza, unaukwaruza ungali mbichi ili upate meno, unauacha ukauke, ndipo wa pili. Mwambie hivyo atakayepiga lipu chumba cha watoto, na usimame uone akikwaruza.

Korido nimeiacha makusudi. Inchi 3 za tofauti hazitokani na kasi ya mtu. Hebu nenda upime msingi. Pima korido chini kabisa, kwenye kozi ya msingi aliyojenga yule fundi wa 2022, kisha chukua tepu upime kila chumba kona kwa kona, ile mistari miwili inayokatana. Chumba chenye kona za pembe mraba mistari yake hulingana. Ikipishana, msingi wenyewe ulikatwa bila skwea, na shemeji amefuata alichokikuta. Nitamlaumu kwa kitu kimoja tu: fundi mwenye kujali angekuita kabla ya kozi ya kwanza akakwambia, “Shemeji, msingi huu una kona mbaya, tufanyeje?” Kunyamaza ni kosa pia, lakini si lile unalomdai. Korido yenyewe iache. Futi 3 na inchi 9 godoro linapita, jeneza linapita, nisamehe kwa mfano. Siku ya vigae, fundi wa vigae apige kamba katikati ya korido, asifuate ukuta mmoja, vipande vilivyokatwa vigawane pande zote mbili, na usichague kigae chenye mistari. Wageni hawatajua.

Tuje kwenye hela, na hapa nitakukera kidogo. Mlikubaliana 500 kwa tofali. Mtu anayelipwa kwa tofali anauza idadi. Kila dakika anayosimama kuangalia timazi ni dakika ya kazi bure. Halafu jioni ile ukuta ulipofika juu kwa siku moja, ulimrushia 100,000 na picha ikaenda Tunduma na pongezi. Yeye angejuaje kwamba unataka unyoofu? Ulichomwonyesha ni kwamba unapenda mbio. Hilo halimwondolei kosa, fundi ni yeye na timazi ilikuwa kwenye mfuko wake. Lakini linakuondolea wewe haki ya kusema “sitoi hata shilingi”. Tofali 1,200 zimejengwa, na nyingi zimesimama sawa.

Ningekuwa mimi ningefanya hivi. Ningengoja mume arudi, maana ndiye aliyemleta mdogo wake, na ndiye wa kumwita. Wewe ukimwita, itakuwa ni shemeji wa kike anayemtafuta ubaya. Mkutane saiti, si sebuleni kwa mama, asubuhi, nyinyi watatu na mtu mmoja wa nje asiye na maslahi: yule mwalimu mwenzako anafaa, au fundi mtu mzima wa jirani ambaye umemwambia waziwazi kwamba kazi hatapewa. Timazi ashike shemeji mwenyewe. Hili ni muhimu kuliko maneno yote. Mtu akisomewa namba na mwingine atabisha. Akiisoma mwenyewe, toka kwenye uzi wake mwenyewe, atanyamaza kidogo, atakohoa, atasema “aah, hapa kuna jambo.” Mpe nafasi ya kusema hivyo bila watu kucheka.

Kisha hesabu. Anadai 250,000. Ukuta wa sebule aushushe na kuunyanyua yeye, ufundi bure, kwa siku mbili, si moja. Vifaa ni 62,000. Mimi ningegawana naye nusu kwa nusu, 31,000 ikatwe kwenye deni, kwa ajili ya ile picha ya Tunduma. Mfuko wa lipu ya watoto msamehe. Inabaki 219,000. Mpe 120,000 palepale, kwa kuta alizojenga vizuri, ili aone humdhulumu. Zile 99,000 azipate siku timazi itakaposema sawa kwenye ukuta mpya. Andikeni kwenye karatasi ya daftari, tarehe, saini zenu na ya shahidi. Ndugu akiona karatasi atasema hamumwamini. Mwambie, “Mume wangu ndiye anayetaka, akiwa safarini anasahau.”

Akikataa kupima kabisa, hapo umejua una mtu wa namna gani, na hasara yako ni ndogo bado. Mpe malipo ya kuta zilizosimama, tafuta mwingine ashushe zile kozi, ukate gharama yake. Akienda kwa mjumbe au kwa mwenyekiti wa mtaa, nenda na daftari la vipimo na meseji za miamala. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba kwa sheria yetu, kwa hiyo asikutishe kwamba hakuna maandishi, wala wewe usimtishe yeye. Mahakama ya Mwanzo ipo, ila kwa deni la 250,000 kati ya watu wanaokula sikukuu sinia moja, sikushauri. Na wanaokwambia ukashtaki Bodi ya Usajili wa Makandarasi, waambie bodi hiyo inasajili makandarasi. Shemeji wako na mwiko wake hayumo kwenye daftari lao.

Kozi za juu ya renta zikifika, badilisha malipo. Iwe bei ya kazi nzima, imegawanywa: kozi mbili zikipanda, mnapima, unalipa. Usilipe usiku, usilipe kwa picha. Picha ya simu hainyooki wala haipindi, inategemea aliyeishika kasimama wapi. Na nati yako na uzi viwe ndani ya mkoba, pamoja na chaki.

Kupaua usimpe. Simaanishi kumkomoa. Kupaua ni kazi ya seremala wa paa, mtu wa mbao na misumari, anayejua kutega mlalo wa bati na kufunga kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa. Mjenga tofali anayejitolea kupaua kwa sababu ni ndugu nimemwona mara nyingi, na mvua za masika nazo zimemwona. Mwambie mume alimalize hilo siku ileile ya kupima, kabla shemeji hajaanza kununua misumari.